Twende Tuwe Mashahidi, Tusiwe Wadai

Ndugu wafanya kazi wa machimbo, na ninyi wananchi wa mji,

Liko jambo linalozungumzwa majumbani kwetu, Ndosho, Katindo na Majengo, kila mara kijana wa mtaa anapokaribia kumaliza mafunzo ya uofisa. Simu inalia usiku. Sauti ya kijana inasema kwamba siku ya kuvishwa nyota imekaribia, kisha anauliza: "Papa, mama, mtakuja?" Basi nyumba nzima inaamka. Mama anatafuta kitenge cha kuwashonea jamaa wote nguo za namna moja. Shangazi anauliza bei ya mbuzi. Baba anafungua buku la likelemba na kuhesabu zamu yake itafika lini. Baba mkubwa, ambaye hakuonekana tangu msiba wa mwaka juzi, anafika asubuhi na mapema na kuketi kwenye kiti cha mbele.

Wako wanaowacheka watu hawa. Husema: Nchi inaungua, nao wanapima vitenge! Mimi siwacheki. Mimi nasema waende. Mwenye njia ya kufika kwenye sherehe ya mtoto wake na afike, hata kama ni kwa taabu. Lakini yafaa tuulizane vizuri tunakwenda kufanya nini huko. Maana mtu huweza kwenda kwenye sherehe ya namna hiyo kama shahidi wa kiapo, au huweza kwenda kama mdai aliyefuata mali yake. Safari ni moja, kitenge ni kimoja, lakini ofisa anayetoka katika safari ya kwanza si sawa na yule anayetoka katika safari ya pili.

Tuanze na mambo ya zamani, kwa kuwa asiyejua alikotoka hawezi kujua thamani ya kiti anachokalia.

Jeshi la wakoloni, Force Publique, lilianza mwaka 1885, wakati nchi hii ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II. Vijana walikusanywa kwa amri. Chifu aliambiwa idadi ya watu wanaotakiwa, naye akawatoa. Muda wa kazi ulikuwa miaka 7. Kijana alipelekwa mbali na kwao, akachanganywa na watu wa makabila mengine, ili siku ya kuamriwa kupiga watu asikute mbele ya bunduki uso anaoujua. Mama yake aliyebaki kijijini hakualikwa kutazama gwaride. Alihesabu miaka 7 kwa mafundo ya kamba, na wengi walihesabu wakafika mwisho bila kumwona mtu.

Askari hao hawakuwa wavivu wala waoga. Mwaka 1916 walitoka huku kwetu Kivu, wakawasukuma Wadachi wa Afrika ya Mashariki, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Mwaka 1941 walikwenda hata Ethiopia, na mwezi wa Julai jenerali wa Kiitalia akasalimu amri mbele yao huko Saio. Wabebaji wetu waliokufa njiani kwa njaa na kuhara hawana hesabu kamili. Lakini katika ushindi wote huo hapakuwa na ofisa mmoja mweusi. Ulipofika uhuru, tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilikuwa na askari wapatao 24,000 na maofisa wa Kizungu wapatao 1,000. Maofisa wa Kikongo: sifuri. Kwa miaka 75 hakuna familia hata moja ya nchi hii iliyoketi na kumwona mtoto wake akifanywa ofisa kwenye ardhi yake mwenyewe.

Na ninyi mnajua yaliyofuata. Tarehe 5 Julai 1960, Jenerali Janssens aliwakusanya askari mjini Leopoldville, akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Siku hiyohiyo moto uliwaka katika kambi ya Thysville, na kabla ya juma kwisha nchi nzima ilikuwa inatetemeka. Tarehe 8 Julai serikali ya Lumumba ikakata shauri kwamba maofisa wawe Wakongo. Victor Lundula, sarja-meja wa zamani wa wakati wa vita aliyekuwa kiongozi wa mji huko Jadotville, mji wa madini unaoitwa leo Likasi, akawa jenerali. Joseph Mobutu, aliyewahi kuwa sarja wa kazi ya ofisini, akawa kanali na mnadhimu mkuu. Katika kambi nyingi askari walichagua maofisa wao wenyewe, leo sarja, kesho meja.

Sisemi kwamba lilikuwa kosa kuwapa Wakongo uongozi wa jeshi lao. Kosa lilikuwa la wale waliokaa miaka 75 bila kumfundisha hata mmoja. Lakini tazameni namna nyota zile zilivyofika begani. Hakuna aliyesoma kwanza miaka ya kutosha. Hakuna aliyeapa mbele ya watu walio wake. Hakuna mama aliyekaa pale akasikia mtoto wake anaahidi nini. Nyota zilitoka mkononi mwa mkubwa zikaingia begani kwa mdogo, na tangu siku ile maofisa wengi wakaamini kwamba nyota ni mali ya aliyeitoa. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Mobutu aliingiza mkono katika serikali, na tarehe 24 Novemba 1965 akaichukua yote, akakaa nayo hata Mei 1997.

Jirani zetu nao waliungua kidole. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara, na walidai maofisa wa Kiingereza waondoke. Nyerere alilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa jipya, Jeshi la Wananchi. Sikilizeni jina hilo: la wananchi. Leo huko Monduli, karibu na Arusha, maofisa wapya hupewa kamisheni na Rais, na wazazi huketi wakitazama. Mkulima wa Tabora na mvuvi wa Pwani humwona mtoto akila kiapo. Sisemi kwamba kiapo hicho humgeuza kila kijana kuwa malaika. Nasema kwamba ameapa akitazamwa, na mtu aliyeapa akitazamwa hulala na neno lake.

Basi ndiyo maana ya kwanza ya safari hii. Kiti cha mzazi kwenye uwanja wa gwaride si zawadi ya jeshi kwa mzazi. Ni haki iliyonyimwa babu zetu kwa miaka 75. Anayekikalia anasema bila kufungua kinywa: Mtoto huyu ana kwao. Mkimtuma afanye mabaya, wako watu watakaoona haya.

Sasa tuseme habari za njia. Chuo cha maofisa kiko Kananga, ambayo zamani iliitwa Luluabourg. Kutoka Goma, hata kama ungeruka kama ndege wa angani kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 800, na mtu hana mbawa. Kwa kawaida msafiri alipanda ndege mpaka Kinshasa kisha akarudi nyuma kuitafuta Kananga. Nauli hiyo si ya mchimbaji, si ya mwuza samaki, wala si ya karani. Kisha M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na mzazi mwenye mtoto katika jeshi la taifa akajifunza kutaja habari zake kwa sauti ya chini, huku akitazama dirisha. Ziko nyumba ambazo mtoto mmoja alikuwa Kananga, na ndugu yake wa tumbo moja alikuwa upande wa pili wa bunduki. Mama wa nyumba kama hiyo akishona kitenge, anashona na machozi.

Kwa hiyo wasiofika wasihukumiwe. Hakuna mtu atakayeniambia kwamba mzazi aliyebaki Goma anampenda mtoto wake kidogo kuliko yule aliyepata nafasi kwenye ndege. Nitasema baadaye mzazi huyo anaweza kufanya nini.

Lakini kwanza niseme neno chungu, na mwenye kukasirika akasirike.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Karani wa machimbo huandika mkono wa kushoto kilichoingia na mkono wa kulia kilichotoka, na jioni pande mbili lazima zikubaliane. Basi nimeona buku la familia moja iliyojitayarisha kwa sherehe ya mtoto. Walikopa kwa nauli. Walikopa kwa kitenge. Walikopa kwa mbuzi, kwa vinywaji, kwa mpiga picha, na kwa viti vya wageni watakaokuja kupongeza baada ya safari. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Nikauliza: "Mzee, deni hili litalipwa na nani?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto, akajibu: "Mwanangu, si atakuwa ofisa?"

Hapo nilinyamaza, lakini usiku sikulala vizuri.

Wananchi, ofisa mdogo hapewi mlima wa fedha. Mshahara wake hautoshi kwa nyumba yake, sembuse kwa madeni ya ukoo mzima. Jamaa wanajua kwamba amevaa nyota, lakini karatasi yake ya mshahara hawajaiona. Siku ya kwanza anapokea simu ya mpongezaji. Siku ya pili anapokea simu ya mjomba aliyetoa mbuzi. Siku ya tatu shangazi anamwambia kwamba mwenye duka la vitenge amefika mlangoni. Kijana ana umri wa miaka 25, ana watu 30 chini ya amri yake, ana bunduki 30, na ana barabara mbele yake. Nani asiyejua kitakachofuata? Kitafuata kijiti kilicholazwa juu ya mawe mawili, na kamba iliyofungwa kwenye kijiti. Ndiyo bariere.

Ninyi wachimbaji hamhitaji kuelezwa habari za bariere. Mlio wazee mnakumbuka Bisie, huko Walikale. Kikosi cha 85 cha jeshi kilikaa juu ya kilima kile cha bati hata mwaka 2009. Mtu alichimba chini ya ardhi, mwingine akabeba gunia la kilo 50 kwa njia ya msituni mpaka Njingala, na kila penye bunduki palikuwa na mkono ulionyoshwa. Mchimbaji alitoa, mbebaji alitoa, mama mwenye sufuria ya maharagwe alitoa. Haya yalifanyika ijapokuwa Sheria ya Madini ya mwaka 2002, kifungu cha 27, inakataza watu wa jeshi kuwa na haki za machimbo. Sheria ilikuwa kwenye karatasi, na bunduki ilikuwa kwenye njia.

Sasa jiulizeni swali ambalo mimi nilijiuliza usiku ule: Wale waliosimama Bisie hawakuwa na mama? Hawakuwa na shangazi? Walizaliwa na mti? La. Kila mmoja alikuwa na watu waliopokea kitu kutoka kwake, wakasema asante, wasiulize kimetoka wapi. Bariere moja ina ncha mbili. Ncha moja iko barabarani, na tunaiona na kuilaani. Ncha nyingine iko nyumbani, imefichwa chini ya kitenge cha sherehe.

Najua nitajibiwa. Mtu atasema: "Ndugu karani, wewe unawaonea maskini. Kosa ni la serikali isiyolipa askari." Maneno hayo yana ukweli mkubwa, nami siufichi. Kwa miaka mingi fedha za askari zilipita mikononi mwa wakubwa wao, na wakubwa waliandika majina ya watu wasiokuwako ili wapokee mishahara yao. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe ulioitwa EUSEC, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kuitenga njia ya mshahara na njia ya amri, ili anayeamuru asiwe ndiye anayegawa fedha. Karani yeyote angeweza kuwaambia bila kutoka Ulaya kwamba anayeshika kalamu na sanduku pamoja atajaribiwa. Na sisi wa Goma tuliona kwa macho yetu Kambi ya Katindo, ambamo wake na watoto wa askari walikaa miaka katika vibanda na mahema yaliyotoboka, na huku waume zao walikuwa mstari wa mbele. Serikali iliyowaacha hivyo haina mdomo wa kuwahubiria uaminifu.

Lakini kosa la serikali halifuti kosa letu. Serikali ikimlipa ofisa kidogo, na familia ikamdai kingi, kati ya mawe hayo mawili kitakachosagwa ni mwananchi wa barabarani. Tuidai serikali, ndiyo. Na sisi wenyewe tujidai.

Mwingine atasema: "Nimelala njaa kumsomesha. Mpanda mti hali matunda yake?" Ale, mzee wangu. Ale kutoka katika mshahara. Mtoto mwema atakutumia sukari na sabuni, atalipa karo ya mdogo wake, atakuzika vizuri siku yako ikifika. Hayo ni matunda. Lakini ukidai kiwanja, gari na nyumba ya bati jipya kabla ya mwaka kwisha, huli matunda; unakata mti uuze kuni.

Nataka pia tukumbuke kwamba yako mambo mabaya kuliko fedha. Mwezi wa Novemba 2012 M23 walipouchukua mji wetu mara ya kwanza, jeshi lilirudi nyuma mpaka Minova, na huko askari wakawafanyia wanawake jambo ambalo kalamu yangu inaona aibu. Hukumu ilifanyika hapahapa Goma. Walishtakiwa watu 39, na mwezi wa Mei 2014 wawili tu wakaonekana na hatia ya ubakaji, wakubwa waliachiwa. Tarehe 30 Agosti 2023 makumi ya raia waliuawa kwa risasi za jeshi katika mji huu, na mwezi wa Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kanali mmoja adhabu ya kifo. Katika mambo kama hayo ofisa hawezi kusema alikuwa haoni. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 28, inasema kwamba mtu halazimiki kutimiza amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Hilo ni neno zito. Kila mzazi alijue kabla hajapanda ndege, amwambie mtoto wake sikioni siku atakapomkumbatia: "Mwanangu, amri si Mungu."

Na upande wa pili tumeona pia ofisa ambaye mji ulimfanya mtoto wake. Kanali Mamadou Ndala alizaliwa mbali na hapa, huko Uele. Hakuwa na shangazi Birere wala mjomba Himbi. Lakini alisimama na askari wake Kibati mwaka 2013, akala nao, akatembea nao mbele. Uvumi ulipoenea kwamba ataondolewa, watu wa Goma waliingia barabarani kukataa. Mwezi wa Novemba mwaka huo M23 wakafukuzwa kutoka ngome yao ya mwisho. Tarehe 2 Januari 2014 Mamadou aliuawa karibu na Beni, na mahakama ya kijeshi baadaye ilimhukumu ofisa wa jeshi hilohilo. Mji ulilia kama uliofiwa na mzaliwa. Ndiyo nguvu ya jambo ninalolisema. Watu wakimjua ofisa, naye akijua kwamba anajulikana, hata risasi haiwezi kumtoa mioyoni mwao.

Basi tunataka nini? Nitayaandika wazi, ili asiwepo wa kusema kwamba karani alilalamika tu.

Kwa serikali na wakubwa wa jeshi. Kwanza, siku ya sherehe itangazwe miezi kadhaa mbele, si juma moja, ili mtu wa mbali asilazimike kukopa kwa haraka. Pili, kila kijana apewe nafasi ya mzazi mmoja kusafirishwa kwa gharama ya taifa. Ndege za jeshi zinazobeba mabegi ya wakubwa zinaweza kubeba mama mmoja mwenye kikapu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 189, inataka majimbo yote yawakilishwe jeshini kwa haki. Basi na wazazi wa majimbo yote waonekane uwanjani, wasiwe wale wa karibu na wenye fedha peke yao. Tatu, kiapo kisomwe pia kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba, lugha zetu nne za taifa. Mama awezaje kuwa shahidi wa neno asilolisikia? Nne, siku hiyohiyo wazazi waambiwe waziwazi, kwa tarakimu, mtoto wao atapokea kiasi gani kila mwezi. Hilo moja lingezuia madeni mengi kuliko mahubiri yangu yote.

Kwa sisi wenye familia. Kwanza, tufanye kamati ndogo na tuweke hesabu. Kila mtoaji aandikwe, na pembeni ya jina lake liandikwe neno zawadi. Asiyekubali neno hilo arudishiwe fedha zake palepale, kwa heshima na bila ugomvi. Pili, deni la sherehe lisivuke mlima kumfuata kijana kambini. Kama hatuna fedha za mbuzi, tule maharagwe. Nyota haitaanguka begani kwa sababu ya maharagwe. Tatu, aende mtu mmoja au wawili walio na maneno ya maana, si watu 15 walio na matumbo. Mimi ningemtuma mama kwanza. Baba huangalia gwaride, mama huangalia uso.

Na wewe uliyebaki Goma, ambaye njia imekufungia, kaa chini uandike barua. Kama huandiki, mtafute kijana wa shule akuandikie, au sema kwa simu neno kwa neno. Usiweke humo orodha ya mahitaji. Andika jina la babu yake. Andika mtaa aliokulia, na jina la jirani aliyempa maji alipokuwa mgonjwa. Andika kwamba mchimbaji anayepita na gunia ni baba yake, na mama anayeuza mihogo kando ya njia ni mama yake, na binti anayekimbia vita akiwa na godoro kichwani ni dada yake. Mwambie kwamba hakuna mtu wa nyumba hii anayemdai hata senti moja. Barua hiyo akiiweka mfukoni chini ya nyota, itakuwa nzito kuliko nyota.

Babu zetu walipelekwa jeshini kwa kamba, wakapigana vita vya watu wengine, na maofisa wao hawakujua majina ya vijiji vyao. Baba zetu waliona nyota zikigawanywa usiku mmoja kama karanga. Sisi tumepata bahati ambayo wao hawakuipata: mtoto anasoma, anaapa, na kuna kiti cha kumtazama. Tusikiuze kiti hicho kwa bei ya mbuzi.

Yule mzee mwenye buku nilirudi kwake baada ya siku tatu. Hatukubishana. Aliniomba kalamu. Alipiga mstari juu ya mpiga picha, akapiga mstari juu ya vinywaji, akakaa muda mrefu juu ya mbuzi, kisha akapiga mstari. Ilibaki nauli ya mtu mmoja. Akaita ndani: "Mama wa mtoto, jitayarishe. Utakwenda wewe."